Reli Inajuaje Kwamba Treni Ipo Juu Yake?

Tangu treni za umeme zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwaka huohuo, mazungumzo ya reli yamepanda mlima hadi kwetu Moshi. Mpango wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Moshi na Arusha hadi Musoma umezidi kuyachochea. Kwenye daladala, vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp utasikia mambo matatu yakirudiwa. Kwamba reli mpya zenyewe zina umeme, ukizikanyaga umekwisha. Kwamba treni huonwa na satelaiti muda wote. Na kwamba treni ikisimamishwa porini na taa nyekundu, wakati hakuna treni nyingine mbele, basi mitambo imeshindwa kazi. La kwanza ni nusu kweli, la pili ni kweli kidogo tu, na la tatu mara nyingi ni kinyume cha ukweli.

Yote matatu yanazunguka swali moja ambalo hatulizungumzi sana: wanaoongoza treni wanajuaje kwamba treni iko hapa na haiko pale?

Kipande kimoja, treni moja

Treni ya abiria iliyo kwenye mwendo wa kilomita 160 kwa saa huhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama kwa breki za kawaida. Dereva akisubiri hadi aione kwa macho treni iliyo mbele yake, amekwisha kuchelewa, hata kama ni mchana kweupe na njia imenyooka. Ndiyo maana usalama wa reli haukutegemezwa kwenye macho ya dereva. Njia hugawanywa vipande, na kipande kimoja hakiruhusiwi kuwa na treni mbili kwa wakati mmoja. Taa ya kuingilia kipande hubaki nyekundu mpaka ithibitike kwamba ndani hakuna kitu. Kuthibitisha huko ndiko kwenye kazi.

Reli yetu ya zamani ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Kwenye reli za aina hiyo, za njia moja na treni chache, kazi ya kuthibitisha kwa kawaida huwa ya watu. Stesheni masta wa huku haruhusu treni kuondoka mpaka awasiliane na mwenzake wa stesheni inayofuata, akubaliwe, na dereva akabidhiwe idhini. Treni ikifika, mtu huangalia kibao au taa iliyofungwa kwenye behewa la mwisho. Kisipoonekana, huenda kuna mabehewa yamekatika na kubaki njiani, na njia haihesabiwi kuwa tupu hata kama kichwa cha treni kimeshaingia stesheni na kupiga honi.

Huu ni utaratibu wa heshima. Umelinda maisha ya watu kwa zaidi ya karne moja duniani kote, na sioni sababu ya kuudharau. Lakini unakula muda. Kukiwa na treni chache kwa siku, dakika za kuwasiliana na kukabidhiana idhini hazimuumizi mtu. Treni zikianza kufuatana kwa dakika chache, tena kwa mwendo mkali, binadamu hawezi tena kukimbizana nazo. Hapo inatakiwa njia yenyewe iseme kama imekaliwa.

Sakiti ya reli

Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya mtambo unaofanya hivyo. Wazo lake bado linafanya kazi duniani hadi leo, na linaelezeka bila hesabu.

Reli mbili ni vyuma viwili virefu vilivyolala sambamba, na chuma hupitisha umeme. Upande mmoja wa kipande unaunganisha chanzo kidogo cha umeme, waya mmoja kwenye reli ya kushoto na mwingine kwenye reli ya kulia. Upande wa pili unaunganisha rilei, yaani swichi inayoshikiliwa na sumaku ya umeme. Kipande kikiwa kitupu, mkondo hutoka kwenye chanzo, hupita reli moja, huingia kwenye rilei na kurudi kwa reli ya pili. Rilei imeshika, na taa inaweza kuwa ya kijani. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake (vyuma vinavyounganisha gurudumu la kushoto na la kulia), ambazo ni chuma kitupu, zinaziunganisha reli mbili. Mkondo unapata njia ya mkato kupitia kwenye ekseli na haufiki tena kwenye rilei. Fundi umeme angesema treni imepiga shoti. Rilei inaachia, taa inakuwa nyekundu.

Kipande cha njia kilichofungwa namna hiyo ndicho kinachoitwa sakiti ya reli. Treni haitumi ujumbe wowote wala haina kifaa maalumu. Inajulikana ipo kwa sababu ya uzito wake wa chuma kugusa chuma.

Aliyekulia Kibosho au Marangu ataielewa haraka kwa sababu ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba ya mlimani Kilimanjaro. Mwenye shamba la mwisho kule chini hana haja ya kupanda mlima kuangalia nani amefungulia maji. Maji yakikatika kwake, anajua kuna aliyeyageuza huko juu. Na maji hukatika vilevile mfongo ukibomoka, banio likiziba au mto ukipungua. Yeye wa chini hajui sababu ni ipi, ila kwa vyovyote vile mfereji wake ni mkavu.

Robinson aliipanga sakiti hivyo kwa makusudi. Mtambo wake wa kwanza ulikuwa kinyume: umeme ulifika kwenye rilei pale treni ilipoingia. Tatizo lake ni kwamba betri ikifa au waya ukikatika, hakuna taarifa inayofika, na njia inaonekana tupu wakati treni imesimama katikati. Alipougeuza, kila ubovu wa kawaida ukawa unatoa jibu moja na treni. Waya umekatwa na mwizi: nyekundu. Umeme umezimika: nyekundu. Reli imekatika vipande viwili na kuachana: mara nyingi nyekundu pia, na hii ni zawadi kubwa, kwa sababu reli iliyokatika huangusha treni. Kimya kinahesabiwa kuwa hatari.

Kwa hiyo ukiambiwa treni ilisimama mbele ya taa nyekundu bila treni nyingine mbele, usikimbilie kusema mfumo umeshindwa. Kuna kitu kimeharibika, ndiyo, na ubovu huo una gharama ya muda na hasira za abiria. Lakini mfumo umefanya kile ulichoundwa kufanya. Dereva husubiri, huwasiliana na kituo cha kuongozea treni, na akipewa ruhusa ya kupita huenda polepole, kwa mwendo unaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona, mpaka afike kwenye kipande kizima.

Kwa nini masafa ya sauti

Sakiti ya Robinson ilitumia betri, na ilikuwa na masharti mawili magumu.

Sharti la kwanza: kila kipande kitenganishwe na jirani yake, la sivyo mkondo wa kipande hiki utamwagikia kile. Ili kuvitenganisha, reli hukatwa na katikati kuwekwa kihami, kitu kisichopitisha umeme. Kila mkato ni udhaifu. Magurudumu yanaugonga mchana na usiku, kihami kinasagika, boliti zinalegea, vumbi la chuma linajaa. Reli za kisasa huunganishwa kwa kuchomelewa ziwe chuma kimoja kirefu, ndiyo maana treni mpya haina ule mlio wa ta-ta, ta-ta tuliouzoea. Kuzichomelea na kisha kuzikata tena kila baada ya mita mia kadhaa ni kubomoa ulichojenga.

Sharti la pili: umeme mwingine usipite kwenye reli hizo. Hapo treni ya umeme inaleta mgogoro mkubwa. Treni ya umeme ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, hupokea volti 25,000 kutoka kwenye waya wa juu. Umeme huo, baada ya kuendesha mitambo ya treni, lazima urudi kwenye kituo cha umeme ulikotoka, na njia yake ya kurudi ni magurudumu na reli. Ni mamia ya ampea. Ndani ya chuma hichohicho unataka kusikiliza mkondo mdogo wa kulindia treni. Ukichanganya mikondo miwili isiyotofautiana, rilei inaweza kushikwa na umeme wa treni yenyewe na kusema njia ni tupu. Hilo ndilo kosa ambalo halitakiwi kutokea hata mara moja.

Suluhisho lilikuwa kuupa mkondo wa ulinzi tabia ambayo umeme wa treni hauna. Hapa tunahitaji neno moja: masafa. Umeme wa majumbani hauendi upande mmoja tu, hugeuka kwenda na kurudi, na mizunguko yake katika sekunde moja ndiyo masafa, yanayopimwa kwa hezi. Umeme wa TANESCO ni hezi 50, na umeme wa treni zetu ni hezi 50 pia. Sakiti hizi mpya hutumia mkondo unaozunguka mara nyingi zaidi, kuanzia kama hezi 1,500, na nyingine hupita 10,000. Kwa kuwa sikio la binadamu husikia kati ya hezi 20 na 20,000 hivi, zikaitwa sakiti za masafa ya sauti.

Jina hilo limewachanganya wengi. Hakuna sauti yoyote ndani ya reli. Ni umeme, na hata ukiinama huwezi kuusikia. Watoto wanaolaza sikio kwenye reli ya zamani kusikiliza kama treni inakuja husikia mtetemo wa chuma, jambo tofauti kabisa, na nawaomba wazazi wawakataze. Reli ya kisasa iliyokazwa juu ya mpira na zege haipeleki mtetemo kama ile ya zamani, na treni yenyewe inakuja kwa kasi nyingine.

Kipokeaji, kilichochukua nafasi ya rilei ya zamani kule mwisho wa kipande, hutengenezwa kikubali masafa yake peke yake na kukataa mengine yote. Hata hivyo, si rahisi kama inavyosikika. Mitambo ya kisasa ya treni hukatakata umeme ili kudhibiti mwendo, na ukatajikataji huo huzalisha mawimbi ya ziada kwenye mafungu ya hamsini: 150, 250, na kuendelea hadi 1,650, 1,750 na zaidi. Kwa hiyo uchafu wa hezi 50 unafika hadi kule juu.

Mfumo mmoja wa Kiingereza, TI21, unaonyesha jinsi wahandisi walivyolijibu hilo. Una masafa manane, kutoka 1,549 hadi 2,593. Chukua lile la hezi 1,699. Kitumaji, yaani kifaa kinachotuma mkondo kwenye reli, hakipeleki 1,699 yenyewe. Hupeleka 1,716, kisha 1,682, kisha 1,716 tena, kikibadilisha hivyo karibu mara tano kila sekunde. Masafa hayo mawili yamekwepa mafungu ya hamsini, hayaangukii 1,650 wala 1,700 wala 1,750. Na kipokeaji hakiridhiki na moja. Kinataka kuyaona yote mawili, yakipokezana kwa mwendo uleule. Uchafu wa treni, hata ukiwa na nguvu kiasi gani, haujui kupokezana hivyo. Nikiri kwamba napenda sana ufundi huu. Badala ya kupiga kelele zaidi ya treni, umeamua kusema jambo ambalo treni haiwezi kulisema kwa bahati.

Lile tatizo la kukata reli nalo likapata dawa. Mpaka wa vipande viwili ukawa eneo la mita ishirini na kitu, bila mkato wowote. Kwenye ncha mbili za eneo hilo hufungwa visanduku vyenye koili na kapasita. Kila kisanduku ni kama shoti kwa masafa ya jirani, kwa hiyo mkondo wa jirani unaishia hapo, lakini kwa masafa ya kipande chake kinashirikiana na chuma cha reli kuubakiza mkondo ndani. Sharti ni kwamba majirani wasitumie masafa sawa. Mfumo wa Kifaransa wa UM71 una masafa manne: njia moja hupokezana 1,700 na 2,300, na njia iliyo sambamba nayo hupokezana 2,000 na 2,600, ili hata njia mbili zilizolala pamoja zisichanganyane.

Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Kwenye reli ya mwendo kasi ya TGV kati ya Paris na Lyon, iliyofunguliwa mwaka 1981, mkondo huohuo wa kulinda kipande unabeba pia taarifa ya mwendo unaoruhusiwa. Treni inaunasa kutoka kwenye reli kwa vifaa vilivyo mbele ya magurudumu ya kwanza, na dereva anasoma ndani ya chumba chake. Kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, taa iliyosimama kando ya njia inampita dereva kabla hajaisoma vizuri.

Eneo la mpaka lisilokatwa lina udhaifu wake: huwezi kusema kwa usahihi wa mita moja kipande kinaishia wapi. Porini si neno. Stesheni, pale njia zinapogawanyika na treni moja inasimama karibu na ubavu wa nyingine, usahihi huo unahitajika, na huko mara nyingi vihami vya kukata reli bado vinatumika.

Siku ambayo njia ilisema ni tupu

Nimesema ubovu wa kawaida hutoa nyekundu. Neno "kawaida" nimelitia kwa sababu.

Tarehe 22 Juni 2009, jijini Washington, Marekani, treni ya mjini ilisimama karibu na kituo cha Fort Totten. Treni iliyokuwa nyuma yake ikaigonga, na watu tisa wakafa, dereva wa treni ya nyuma akiwa mmoja wao. Njia hiyo ililindwa na sakiti za masafa ya sauti. Uchunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ulionyesha kwamba treni iliyosimama ilikuwa ndani ya kipande ambacho mtambo uliendelea kukihesabu kitupu. Mfumo ukaendelea kuiamuru treni ya nyuma ije kwa mwendo wake.

Ilikuwaje? Ndani ya chumba cha mitambo, mawimbi ya kitumaji yalikuwa yakivuja na kuingia kwenye kipokeaji kupitia fremu ya vifaa, bila kupita relini. Rudi kwenye mfongo: ni kama maji ya mfereji mwingine yavujie kwenye shamba la mwisho. Huko juu maji yamegeuzwa yote, lakini wa chini bado anaona yanatiririka, na anaamini hakuna aliyefungulia. Siku tano kabla ya ajali kifaa kimoja kilikuwa kimebadilishwa kwenye kipande hicho, na tangu hapo sakiti ilikuwa haiaminiki. Tahadhari za kompyuta zilikuwepo. Lakini zilikuwa zinatolewa nyingi kila siku kwenye mtandao mzima wa reli kiasi kwamba watu walikuwa wamezizoea.

Miongo miwili kabla, tarehe 12 Desemba 1988, ajali ya Clapham Junction jijini London iliua watu 35 kwa kosa linalofanana na hilo. Waya wa zamani ulioachwa bila kukatwa wakati wa ukarabati uligusa mahali pake pa zamani ukaipa rilei umeme usioihusu. Treni ipo, taa haikuwa nyekundu.

Naeleza ajali hizi kwa sababu nimesikia watu wenye elimu zao wakisema mfumo wa reli ya kisasa hauwezi kukosea. Unaweza. Hukosea pale umeme unapofika kwenye kipokeaji kwa njia isiyo ya reli, na kinga yake ni fundi anayepima baada ya kila matengenezo, pamoja na mkubwa wake anayempa muda wa kupima.

Kokoto, kutu na mataruma

Mtu akitaka kujua kama sakiti ya namna hii ingeweza kufungwa kesho kwenye reli ya zamani inayopita hapa Moshi, jibu liko chini ya miguu. Reli hiyo ina mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli kuishikilia, ya chuma kwa sehemu kubwa. Taruma la chuma linaziunganisha reli mbili, yaani linapiga shoti muda wote, treni iwepo isiwepo. Labda kila taruma litengwe na reli kwa vihami, kazi ambayo mtu anayeijua reli ya Tanga hadi Arusha, zaidi ya kilomita 400, ataipima kwa macho tu. Ndiyo sababu mataruma ya zege, yenye mipira na plastiki chini ya reli, ni sehemu ya mfumo wa usalama, ingawa ukiyatazama unaona zege tu.

Kokoto nazo zina kazi mbili. Tunajua zinashikilia njia isisogee na zinapitisha maji. Kokoto safi na kavu pia zinazuia umeme usivuje kutoka reli moja kwenda nyingine. Zikijaa udongo, majani na takataka, kisha masika yakapiga, mkondo unavujia njiani na unafika mwisho ukiwa hoi. Kwa masafa ya juu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu chuma chenyewe cha reli hupinga mkondo zaidi kadiri masafa yanavyopanda. Ndiyo maana kipande kimoja cha TI21 chenye kitumaji mwishoni hakizidi kilomita 1.1 hivi. Nyanda za chini ya mlima, kuanzia Kahe kuja juu, zina udongo unaoshika maji kwelikweli. Mhandisi atakayepewa kazi hapa atauliza habari za mitaro ya maji kabla ya kuuliza habari za kompyuta.

Kisha kuna kutu, na hii ni hatari ya aina nyingine. Matope huleta nyekundu isiyo na sababu. Kutu inaweza kuleta kijani isiyo na haki. Reli inayopitiwa na treni nyingi husuguliwa ikang'aa. Inayopitiwa mara chache hufanya utando juu, na gurudumu linakaa juu ya utando badala ya kugusa chuma safi. Treni nyepesi inaweza kushindwa kupiga shoti vizuri, na kipokeaji kikaendelea kupata mkondo. Kwa hiyo njia yenye treni chache kwa wiki ni mahali pabaya pa kutegemea sakiti ya reli peke yake.

Umeme relini, satelaiti angani

Sasa ile hofu ya kukanyaga reli. Mkondo wa sakiti wenyewe ni wa volti chache na hauui mtu. Reli za treni ya umeme nazo huunganishwa na ardhi ili zisiwe na volti ya hatari kwa kawaida. Lakini nyaya zinazorudisha umeme zikikatwa, kwa mfano na wezi wa shaba, volti kubwa inaweza kujitokeza mahali pasipotarajiwa. Na waya wa juu wenye volti 25,000 huua hata bila kuguswa, ukiukaribia tu na fimbo, bomba la chuma au ukiwa juu ya behewa. Kwa hiyo ushauri wa kukaa mbali na njia ni sahihi kabisa, ila sababu iliyo kubwa iko juu ya kichwa.

Kuhusu satelaiti, kifaa cha GPS kwenye kichwa cha treni kinaweza kusema kichwa kiko wapi. Hakisemi mkia uko wapi. Treni ya mizigo ikikatika katikati, kichwa kitaendelea kuripoti kwa furaha kutoka kilomita tano mbele, huku mabehewa yaliyobaki yamesimama njiani bila mtu wa kuyasemea. Njia mbili zilizolala sambamba kwa mita nne hivi nazo ni mtihani kwa kifaa cha kawaida, na kwenye handaki mawimbi hayafiki. Sakiti ya reli haijali kichwa wala mkia. Ekseli moja iliyobaki ndani ya kipande inatosha kukifunga.

Ipo njia nyingine inayoshindana na sakiti, nayo ni kuhesabu ekseli. Kifaa hufungwa kwenye reli mwanzoni mwa kipande na kingine mwishoni. Zikiingia ekseli 48 na zikatoka 48, kipande ni kitupu. Zikitoka 44, kuna behewa limebaki. Kutu haikisumbui, matope hayakisumbui, na hata mataruma ya chuma si tatizo. Kwa hali ya reli zetu za zamani ningekipendelea hicho. Lakini hakijui lolote kuhusu reli iliyokatika, kwa hiyo anayekichagua lazima aongeze ukaguzi wa njia, kwa miguu na kwa mashine. Na umeme ukizimika kikasahau hesabu, haitoshi kukiwasha na kukianzisha kwenye sifuri. Lazima kwanza ithibitike kwamba hakuna treni ndani.

SGR yetu imejengwa kwa mfumo wa Ulaya unaoitwa ETCS, ngazi ya pili, ambapo treni huwasiliana na kituo kwa redio na dereva hupata ruhusa zake kwenye skrini. Wengi wakisikia redio hudhani kazi ya reli kujihisi imekwisha. Katika ngazi hiyo bado ipo: treni inaripoti mahali ilipo, lakini uthibitisho kwamba kipande ni kitupu unatoka kwenye vifaa vya njiani. Kuviondoa kabisa kunahitaji treni iweze kujithibitisha yenyewe, kila wakati, kwamba ni nzima hadi behewa la mwisho. Kwa treni ya abiria iliyoungana kama kitu kimoja, yenye nyaya zinazopita kutoka behewa hadi behewa, hilo linawezekana. Kwa mabehewa ya mizigo, yanayofungwa leo hapa na kufunguliwa kesho kule, mengi yakiwa hayana hata waya mmoja wa umeme, bado ni kazi ngumu.